Shangazi wa Mitambo: Kocha wa Umoja anatafuta ligi yake

Mwezi huu barua moja imekula karibu ukurasa wote, na aliyeiandika ndiye wa kulaumiwa. Ninyi wa simu zilizoingia maji na printa zinazotafuna karatasi, nitawajibu toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 43, naishi Umoja II. Mwaka 2001 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nangoja kuitwa chuo kikuu. Binamu yangu akanipa nakala ya Championship Manager 01/02, mchezo wa kompyuta ambamo wewe ndiye kocha wa timu ya mpira, nikawa naicheza usiku kwenye kompyuta ya ofisi ya mjomba. Mchezo ule ulikuwa na ligi za nchi 26. Wales ilikuwemo, Finland ilikuwemo, lakini Afrika nzima haikuwa na hata moja. Iliniuma. Nikachukua kihariri cha data, nikaibomoa ligi ya Ireland ya Kaskazini na kuijenga upya iwe ligi ya Kenya: Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker, Mathare United, na Oserian Fastac ambao ndio waliochukua ubingwa mwaka ule. Wachezaji niliwapa alama kwa jinsi nilivyowaona City Stadium na Nyayo. Wa timu za mbali niliwapa kwa kusikiliza redio.

Kisha nikafungua tovuti GeoCities, huduma ya Yahoo ya tovuti za bure, ili watu wapate faili langu. Kila Jumamosi nilipanda matatu hadi saiba moja (duka la intaneti) ya Tom Mboya Street, disketi mfukoni. Tovuti ilikuwa nyeusi, maandishi ya kijani, bendera ya Kenya ikipepea juu na kaunta ya kuhesabu wageni chini. Mara ya mwisho kuiangalia kaunta ilikuwa imepita 11,000. Kitabu cha wageni kilikuwa na watu wa Kisumu, Eldoret, Minnesota, na Mnorwe mmoja aliyeniandikia kila alipochukua kombe na Leopards. Mwaka 2004 nikapata kazi, baadaye nikaoa, mambo yakawa mengi. Mwaka 2010 nilitaka kumwonyesha mke wangu, nikakuta hakuna kitu. Yahoo walifuta kazi yangu bila kuniuliza! Sasa kijana wangu wa miaka 13 anacheza EA Sports FC, mchezo wa mpira wa siku hizi, na nikimwambia babake aliwahi kuwa na mashabiki Norway, anacheka.

Anwani ya tovuti nimeiandika hapa chini. Je, kuna namna ya kuipata? Na je, naweza kuwashtaki hawa watu?

*Kocha wa Umoja*

JIBU: Marahaba, mpwa wangu, ingawa kwa umri huo hiyo shikamoo ni ya kunizeesha tu.

Nianze na la mahakama kwa sababu ni fupi. Huwezi. Nafasi ile ulipewa bure, na siku uliyobofya kukubali masharti ulikubali pia kwamba mwenye nyumba anaweza kufunga mlango wake. Wala hawakufunga usiku wa manane. Yahoo walitangaza Aprili 2009, wakafunga tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo. Hiyo ni nusu mwaka. Kama walikuandikia, walikuandikia kwenye ile anwani ya barua pepe uliyofungua 2001, na hebu niambie ukweli, nywila yake unaikumbuka?

Sasa nikuulize na mimi. Barua yako ina Jumamosi za 2001, ina kazi ya 2004, halafu inaruka hadi 2010. Katikati hapo uliitembelea mara ngapi? Tovuti yako ilikufa 2004, mpwa. Ilikaa miaka mitano haijazikwa, Yahoo wakaja na sepetu. Sikukejeli. Yangu nayo ilikwenda vivyo hivyo, na mimi nilikuwa ndani ya saiba mchana kutwa, intaneti bure, sina hata nauli ya kusingizia.

Nilikuwa mhudumu wa saiba, ghorofa ya pili, hapohapo Tom Mboya Street, tangu 1999 hadi 2004. Huenda nilikuuzia dakika. Tulipofungua tulitoza shilingi 10 kwa dakika. Nilipoondoka ilikuwa shilingi 1 na wateja bado walikuwa wanabishana. Tulikuwa na kompyuta 8 zinazogawana laini moja ya simu. Modemu yenyewe, kwa maandishi ya kwenye boksi, ilivuta kilobaiti 7 kwa sekunde. Disketi iliyojaa ni megabaiti 1.44, kwa hiyo mtu akiwa peke yake kwenye laini angeipakua kwa dakika tatu na nusu. Wakiwa wanane wote wanapakua, dakika 28, karibu nusu saa. Mwaka 2001 tulikuwa tumeshuka hadi shilingi 5. Piga hesabu uone: kijana aliyekaa kwenye kiti changu akalisubiri faili lako lishuke, alilipa shilingi 140 ili aone Gor Mahia imeandikwa kwenye mchezo wa Waingereza. Ukimwambia mwanao jambo moja tu, mwambie hilo, uache hadithi za kaunta. Kaunta zile tunazijua. Ukurasa ukikwama na mtu akaufungua tena, ilihesabu mbili, na mgeni wa kwanza kila Jumamosi ulikuwa wewe.

Vijana wa leo hawaelewi jinsi tovuti hizo zilivyopatikana kwa jasho. Mwaka 2000 ukame ulipokausha mabwawa, stima Nairobi ikawa ya zamu. Nilikuwa na mteja aliyeandika kurasa zake zote kwa kalamu kwenye daftari la mazoezi, alama zile za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, moja moja, kisha stima ikirudi anakuja mbio kuzichapa kabla haijapotea tena. Alikosea alama moja ya kufunga, ukurasa wote ukatoka kwa herufi nzito. Akaniambia ndivyo alivyotaka. Kulikuwa pia na kikomo cha data. GeoCities walikupa nafasi ya megabaiti 15, lakini wageni wakizidi katika saa moja, ukurasa ulijifunga na kutoa ujumbe kwamba umevuka kiwango, rudi baadaye. Vijana watatu wakipakua faili moja kwa pamoja, wa nne anafungiwa nje. Waliamini ni saiba ya jirani inatuhujumu.

Yangu mimi haikuwa ya kujivunia kama yako. Chini yetu kulikuwa na chumba cha PlayStation, na mchezo ulikuwa Winning Eleven, wa mpira, nakala za Kijapani kutoka Luthuli Avenue. Hakuna aliyesoma Kijapani. Menyu walizijua kwa vidole: chini, chini, duara. Tena duara ndiyo ilikuwa ya kukubali, msalaba wa kurudi nyuma, kwa sababu Wajapani ndivyo walivyozoea. Kidole kikiteleza mahali pasipofaa unafuta kadi ya kumbukumbu, na kadi yenyewe ilikuwa na vyumba 15 tu vinavyogombewa na mtaa mzima. Ngumi zilipigwa pale. Siku moja nikashuka na daftari, nikachora maumbo ya herufi zile mstari kwa mstari, na pembeni ya kila mstari nikaandika kwa Kiswahili unafanya nini. Nikapakia GeoCities. Wakawa wanapanda juu kuichapisha, shilingi 20 kwa ukurasa, na mwajiri wangu akaacha kuniuliza kwa nini nashinda chini kwenye michezo. Niliongeza na orodha ya majina, kwa sababu Konami, waliotengeneza mchezo huo, hawakuwa na leseni ya wachezaji wote, na ilibidi mtu amweleze mtoto wa darasa la sita kwamba yule Roberto Larcos ndiye Roberto Carlos wa Brazil.

Ikadumu mpaka nakala za Kiingereza za Pro Evolution Soccer zilipofurika mjini. Ni mchezo uleule wa Konami, ila menyu inasomeka. Ramani yangu haikuwa na kazi tena. Sikulia, maana ilikuwa imefanya ilichotakiwa kufanya.

Yako haikumaliza kazi yake, na ndiyo sababu inakuwasha hadi leo.

Mchezo wenyewe ulikukimbia. Machi 2003 ikatoka Championship Manager 4, ambayo kwa mara ya kwanza wachezaji walionekana uwanjani kama vidoto vinavyokimbizana. Kabla ya hapo, kama unavyokumbuka, mechi ilikuwa maandishi tu na moyo wako. Ilitaka kompyuta yenye nguvu ambayo ofisi ya mjomba hakika haikuwa nayo, na faili lako la toleo la zamani halikuingia humo. Halafu ndoa ikavunjika. Sports Interactive, waliouandika mchezo, wakaachana na Eidos waliokuwa wakiuchapisha. Eidos wakabaki na jina. Waandishi wakaondoka na programu na hifadhidata, wakaenda Sega, na Novemba 2004 wakatoa Football Manager 2005. Kwa hiyo kibao cha mlangoni kwako kilikuwa na jina la mchezo ambao wenyewe wameshahama. Wenye tovuti kubwa za Ulaya walibadilisha jina na kusonga mbele. Wewe ulikuwa unatafuta kazi.

Na ligi haikungoji. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikwenda Tunisia mwanzoni mwa 2004 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, wakawafunga Burkina Faso 3–0. Mshambuliaji wao Dennis Oliech wakati huo alikuwa ameshakwenda kucheza Qatar, ilhali kwenye faili lako, kama ulimtia, bado anapanda matatu. Ulinzi Stars walikuwa wameshachukua ubingwa 2003, wakauchukua tena 2004, tena 2005. Kila msimu mtu mmoja, kwa nauli yake, anahamisha wachezaji mia kadhaa kwa mkono. Hata mimi ningeoa.

Jambo moja tu linanikera katika historia hii yote, na halina wa kushtakiwa. Miaka yote ile Kenya ilitegemea setilaiti, ndiyo maana dakika ilikuwa ghali. Kebo ya kwanza ya baharini, SEACOM, iliwashwa Julai 2009. Miezi mitatu baadaye GeoCities ikafungwa. Ulipofika wakati wa kupakia faili lako kwa kufumba na kufumbua, mahali pa kulipakia pakawa hapapo.

Haya, tutafute masalia. Internet Archive ni maktaba ya San Francisco inayonakili kurasa za intaneti tangu 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuzitazama kwa kifaa chao kiitwacho Wayback Machine. Kwa tovuti kama yako kinataka anwani kamili. Ukiandika, unaletewa kalenda yenye vidoto kwa kila siku ambayo ukurasa ulinakiliwa. Watu hukimbilia kidoto cha mwisho. Usifanye hivyo. Chukua cha katikati, wakati mwenye tovuti alipokuwa bado anafagia.

Wewe umeniachia anwani, basi nimekufanyia.

Kuna vidoto vitatu. Ukurasa wa mbele upo, mweusi na kijani kama ulivyosema, na macho yangu bado yananiuma. Bendera haipo, kuna kiboksi kitupu. Kaunta haipo, kwa kuwa ile ilikuwa programu inayofanya kazi kwenye seva ya mwenyewe, na kilichonakiliwa ni fremu tu. Kiungo cha faili hakifunguki. Orodha ya wachezaji ipo nusu, na humo nimekuta mshambuliaji wa Mathare United mwenye uwezo wa 200 kwa 200, jina lake likifanana ajabu na lile ulilotia sahihi kwenye bahasha. Usione haya. Championship Manager 01/02 yenyewe ilitoka na Tó Madeira, mfungaji hatari wa Kireno ambaye hakuwahi kuwepo uwanja wowote duniani, na kuna watu hadi leo wanamkumbuka kuliko wachezaji wa kweli. Ukichanganya naye Cherno Samba na Tonton Zola Moukoko, vijana wa kweli waliong'ara zaidi ndani ya mchezo kuliko uwanjani, hiyo ndiyo safu ya mbele ya kizazi chako chote.

Kitabu cha wageni kilikuwa kwenye anwani nyingine, kama vilivyokuwa vingi. Nilifungua msimbo wa ukurasa, nikaona kiungo chake, nikakipeleka kwenye Wayback Machine peke yake. Ukurasa mmoja umebaki. Mnorwe wako yupo mara sita. Mara ya kwanza anashangilia ubingwa. Ya tatu anauliza Ingwe, jina la utani la Leopards, maana yake nini, na wewe umemjibu vizuri, chui. Ya tano, mwaka 2005, anauliza kama utatoa orodha mpya. Ya sita ni ya Machi 2006, maneno machache: Kocha, kuna mtu hapa?

Ameacha anwani ya barua pepe. Nimekutumia kando, siwezi kuichapa gazetini. Mwandikie. Mtu anayecheza ligi ya Kenya akiwa Norway kwa miaka minne si mtu wa kufuta mafaili, na faili lako liliingia kwenye disketi moja, halimchukulii nafasi. Asipojibu, kuna wale wa Archive Team, watu wa kujitolea waliokimbia 2009 kunakili GeoCities kabla ya kufungwa, na mwaka uliofuata wakaachia umma zaidi ya gigabaiti 600. Kuchimba humo si kazi ya mtu anayelipia bando, lakini ipo.

Na ukilipata, liko mahali pa kulitumia. Desemba 2008 Eidos waliruhusu Championship Manager 01/02 igawiwe bure, na hadi leo wapo mashabiki wanaoitengenezea orodha mpya za wachezaji na kuirekebisha ifanye kazi kwenye kompyuta za sasa. Mchezo umeishi kuliko tovuti zake zote.

Ushauri wa shangazi: mwanao usimwonyeshe ukurasa. Bendera haipepei, atacheka zaidi. Mpe ligi. Mwambie achukue Oserian msimu wa kwanza, bila kununua mtu nje.

SWALI: Mambo Shangazi? Nina miaka 19, niko Kahawa West. Nina kurasa ya eFootball kwenye Facebook na kikundi cha Telegram, jumla wafuasi kama 4,000. Naandika mbinu, napanga mashindano madogo ya mtaani, wasichana na wavulana. Mamangu alikuwa anasoma gazeti hili akaniambia nikuulize kama nahitaji tovuti ya kweli au hiyo inatosha. *Nahodha, Kahawa West*

JIBU: Poa, binti. Kwanza ni "ukurasa" mmoja, "kurasa" nyingi. Pili, mamako ana akili.

Inatosha kwa leo. Swali ni nini unacho mkononi Facebook ikikufungia Jumatatu asubuhi kwa kosa la mtu mwingine. Kama jibu ni picha za skrini, huna kitu. Kampuni ya utafiti ya Marekani, Pew, ilichunguza ikakuta kwamba kati ya kurasa za intaneti zilizokuwepo 2013, asilimia 38 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Hizo ni kurasa za kila aina, zikiwemo za serikali na magazeti, sembuse zetu za mpira.

Tazama zilizopona. GameFAQs ilianza Novemba 1995, kazi ya mtu mmoja aliyekusanya miongozo ya michezo iliyoandikwa na mashabiki. CNET wakainunua 2003, na 2022 ikaangukia kwa Fandom. Imebadilisha wenyewe kama gari la matatu, lakini miongozo ya miaka ya tisini bado inasomeka, kwa kuwa imeandikwa kwa maandishi matupu. Hakuna picha ya kupotea wala programu ya kuchakaa. Michoro yao ni vistari na nyota za kibodi. Au Blue's News, iliyoanza na mashabiki wa Quake, mchezo wa kufyatuliana risasi, katikati ya miaka hiyo. Quake yenyewe ni ya 1996, na mwenye tovuti bado anaandika habari. Upande wa pili kuna GameSpy, waliokuwa na mtandao mzima wa tovuti za mashabiki, kila mchezo na sayari yake, kama PlanetQuake. Februari 2013 ikatangazwa kwamba wanafungwa, baada ya kampuni ya Ziff Davis kuinunua IGN, tovuti ya habari za michezo iliyokuwa imewameza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila mbinu unayoandika, iandike kwanza kwenye faili la maandishi la kawaida kwenye simu, ndipo uibandike Facebook. Matokeo ya mashindano pia, majina na mabao. Mara moja kwa mwezi jitumie faili hilo kwa barua pepe na umpe mtu mwingine nakala, dada yako kwa mfano. Anayeshika nywila asiwe wewe pekee. Nimeona kikundi cha watu elfu mbili kikifa kwa sababu mwenyewe aliibiwa simu River Road.

Ukipata pesa kidogo, nunua jina la .co.ke kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke, ulielekeze popote unapotaka. Ukihama Facebook, jina linahama nawe. Ila weka ukumbusho wa kulipia kila mwaka, tena kwenye simu ya mamako, kwa sababu jina likiisha muda na usilipie, mwingine analichukua. Namjua kijana aliyekuwa na tovuti nzuri ya michezo ya matatu, leo ukiifungua ni kamari.

Na hayo mashindano ya mtaani, yaandike. Nani alimfunga nani, wapi, stima ilipotea dakika ya ngapi. Mbinu za eFootball zitachakaa Konami wakibadilisha mchezo, na wanaubadilisha kila mara.

SWALI: Bwanangu ameondoka kazini na boksi la disketi kama thelathini, anasema zina vitu vya maana. Kompyuta yetu haina hata tundu lake. Nitupe? *Mama Buruburu*

JIBU: Usitupe, dada. Kuna kisomaji cha disketi cha kuchomeka kwenye tundu la USB, ukizunguka Luthuli utakipata, ila jaribu kabla hujalipa, na uende na disketi usiyoijali. Kwa umri wao, nyingine zitakataa kusomeka mara ya kwanza. Zitoe, zirudishe, jaribu mara tatu. Ikianza kukwaruza, iache, usiendelee kuilazimisha. Kila inayosomeka, nakili yote kwenye kompyuta siku hiyohiyo bila kufungua faili hata moja, udadisi baadaye.

Na unapozibeba kwenda mjini, usikae kiti cha nyuma. Spika za matatu zina sumaku.